Kipupwe cha Gari la Madam

Ujumbe ulinikuta Jumatatu asubuhi nikichambua mchele kwenye ungo. "Habari Anti Eliza. Mimi ni Mwende, binti ya Kamene wa Kitui. Mama ametuacha. Tunamzika Jumamosi. Alisema tukuambie wewe kabla ya watu wa mbali." Niliusoma mara tatu, nikaiweka simu kando, nikaendelea kuchambua. Baada ya muda nikagundua kwamba natupa mchele na kubakiza mawe. Mume wangu, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, akauliza Kamene ni nani. Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na saba, anajua hadi jino langu lipi linauma wakati wa baridi, lakini jina hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Nikamwambia ni mtu niliyefanya naye kazi Dubai. Akasema pole, akauliza kama nitatuma rambirambi. Nikasema nakwenda mwenyewe. Kutoka Singida mpaka Kitui ni siku mbili za mabasi na mpaka mmoja, na magoti yangu si yale ya zamani, lakini nilikuwa na neno la kusema kule. Mwenye kustahili kulisikia nilikuwa nimeshamchelewa.

Neno lenyewe ni la mwaka 2005. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mtumishi wa ndani katika villa moja Al Warqa, enzi hizo ambapo nusu ya mtaa ilikuwa bado mchanga mtupu na nyumba zikiota kila wiki. Madam wangu alikuwa Mwingereza, mjane. Sir alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, ghafla, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha televisheni, na vitu vyake vilikuwa bado mahali pake: viatu, miwani, kofia ya gofu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa gari. Lilikuwa la zamani kuliko mimi, la milango miwili, rangi ya maziwa, na viti vya ngozi nyekundu vilivyonukia kama duka la viatu. Sir alilijengea chumba chake pembeni ya nyumba, chenye sakafu ya vigae, kuta nene na kiyoyozi kikubwa kilichokuwa hakizimwi. Madam hakuwa na ujuzi wa kuliendesha. Jioni alikuwa anaingia mle, anasimama, anatoka, anaomba chai. Dereva aliyekuwa akilitunza aliondoka mara baada ya msiba, na hivyo kazi ikaniangukia mimi, mtu ambaye chombo kikubwa nilichowahi kukiongoza maishani kilikuwa baiskeli.

Ukutani mle ndani palikuwa na karatasi ya Sir, imeandikwa kwa mkono na kufunikwa nailoni, na juu yake kwa herufi kubwa za Kiingereza: Majira ya Baridi. Kwao watu wenye magari ya namna hiyo huyafungia ndani theluji ikianza na kuyatoa baridi ikiisha. Sir alipohamia Dubai aliligeuza jambo hilo, kwa kuwa adui wa huku ni jua: gari lilifungiwa Juni na kutolewa Oktoba. Ila karatasi hakuibadilisha, akaendelea kuiita miezi ile baridi, na Madam akaurithi usemi. "Eliza, majira ya baridi yanaanza Jumatatu," aliniambia mwishoni mwa Mei, huku anajifuta jasho la shingoni. Wengine wangecheka. Mimi nimetoka Singida, ambako Juni ndiyo hasa mwezi wa kipupwe, watoto wanakwenda shule wamejifunga shuka. Kwa hiyo nilielewa upesi kuliko alivyotarajia. Moyoni nikakiita kipupwe cha gari.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Salum, Mzanzibari wa makamo mwenye gereji ndogo Satwa, kati ya duka la fundi cherehani na la juisi. Wazazi wake walihama Unguja yeye akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia hukuhuku, lakini Kiswahili chake kilikuwa kisafi hata nikaona aibu kwa changu. Alikuja na pikapu yake, akavua viatu mlangoni kana kwamba anaingia msikitini, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa.

"Bibie, gari hii ichukulie kama mgonjwa aliyelala," akasema. "Mgonjwa ukimwacha ubavu mmoja, atafanya vidonda. Kwa hivyo kila wiki umgeuze."

Kugeuza maana yake ilikuwa kuondoa breki ya mkono na kulisukuma gari kiganja kimoja mbele, wiki inayofuata kiganja kimoja nyuma, ili tairi zisikandamizwe upande mmoja zikapoteza duara. Alichora alama ya chaki kwenye kila tairi nione lilipofika. Akanionyesha chaja ya betri: taa ya kijani salama, nyekundu nimpigie. Akaziba bomba la moshi kwa kitambaa, akashusha vioo upana wa kidole ili ngozi ipumue, akajaza tangi mpaka juu, akalifunika gari kwa shuka la pamba. "Na chakula kisiingie humu," akasema akivaa viatu, "hata tende moja. Panya wa Dubai mjanja. Anazijua nyumba ambazo wenyewe wamesafiri." Nikaitikia inshallah. Nilikuwa nimeshajifunza kuitikia inshallah kwa kila kitu.

Madam akaondoka kwenda kwao Uingereza kukwepa joto. Alizima viyoyozi vyote vya nyumba kubwa, akafunika makochi kwa mashuka, akafunga milango ya ndani na kuniachia funguo, na mashine pekee iliyobaki ikivuma ilikuwa ya gari. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, na kiyoyozi chake cha dirishani kilikuwa na kikohozi tangu Machi. Wiki ya kwanza ya Julai kikafa. Anayekijua kiangazi cha Dubai hahitaji maelezo. Kwa asiyekijua nitasema tu kwamba niliweka godoro juani ili kuua kunguni, na nilipolirudisha ndani halikupoa mpaka asubuhi. Kumpigia Madam nimwambie nina joto sikuthubutu. Niliona ataniona mlalamishi, na mlalamishi hurudishwa kwao. Nikaanza kwenda chumba cha gari "kuangalia chaja", kwanza dakika tano, halafu saa nzima, halafu nikahamia na mto.

Kamene alinikuta katika hali hiyo. Tulikuwa tukijuana kanisani, maana Dubai hata sisi Wakristo tulisali Ijumaa, siku ya mapumziko. Alikuwa Mkamba mrefu, mwenye mwanya na mdomo usiopumzika, akifanya kazi za ndani mitaa mitatu kutoka kwetu. Alikuwa amekosekana ibadani Ijumaa mbili. Ya tatu, saa kumi jioni, nikasikia geti la uani linakunwa. Nilimkuta amebeba mfuko mmoja wa plastiki, midomo imepasuka kwa kiu. Nikamwingiza kwenye baridi ya gari kabla hata sijamuuliza lolote. Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye ukuta, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Eliza," akasema hatimaye, "niko na mimba."

"Ya nani?"

"Ya bwanangu, ya nani ingine? Si nilienda likizo mwezi wa nne."

"Sasa si uwaambie? Wewe ni mke wa mtu."

"Nikienda hospitali wataitisha cheti cha ndoa. Sina." Akafungua macho, akanitazama, akaanza kucheka kile kicheko chake. "Niko na mbuzi."

Ilibidi anieleze. Kwao, bwana akishapeleka mbuzi watatu kwa baba wa binti mbele ya ukoo, ndoa imefungwa, na hakuna mtu Kitui nzima atakayekuuliza karatasi. Musyoka, mume wake, alipeleka mbuzi wake kwa heshima zote. Kuandikisha serikalini walisema watafanya siku moja wakipata nafasi, kama wanavyosema wengi, hata kwetu. Lakini enzi hizo Dubai mwanamke mwenye mimba asiye na cheti alikuwa mhalifu, na nyumba aliyofanyia kazi walishaanza kumtazama tumbo. "Hao mbuzi ndio mashahidi wangu," akasema, "na nani atawaletea viza?" Basi alitoroka. Musyoka alikuwa anahangaika kwa chifu na kwa wakili apate barua ya kiapo. Ikifika, angeipeleka ubalozini na kuomba arudishwe kwao kama mke wa mtu. Alihitaji mahali pa kujificha mpaka karatasi ije, na anwani ya kuipokelea. Nikampa zote mbili: sanduku la posta la Madam, na chumba cha gari. Sikufikiria sana. Nilikuwa mpweke mle ndani kuliko nilivyokuwa nikikubali.

Wiki tano zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa utamu, na utamu wake ndio unaouma. Tulitandika mablanketi mawili upande wa kushoto wa gari. Siku ya tatu aliniambia, "Nyinyi Watanzania mnasema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Nipe langu," akachukua kitambaa akaanza kung'arisha vyuma vya gari mpaka ukawa unajiona uso. Alinicheka kwa "naomba" na "samahani" zangu. "Wewe ukiibiwa utamwambia mwizi samahani, naomba mkoba wangu," alisema. Nami nikamwambia Kiswahili chake kimegongwa na lori. Tulipika jikoni uani jua likishuka: ugali wa unga niliofuata Satwa, maharage, dagaa alizozikaanga kwa pilipili mpaka tukapiga chafya, na tulikula hukohuko uani, jasho likitutoka, kwa sababu nilishika sharti la Salum kama amri ya kumi na moja. Ijumaa ilikuwa siku ya kusukuma. Mimi nilisukuma, na yeye, kwa kuwa sikutaka anyanyue hata ndoo, alikaa mbele ya usukani na kuelekeza.

"Dereva, nipeleke Kitui," nilisema huku nimeegemeza bega.

"Abiria, funga mkanda." Gari likasogea kiganja kimoja, tairi zikalia kidogo kwenye vigae. Akapiga breki. "Kwa mwendo huu mtoto atafika mbele yetu."

Wakati mwingine nilimsikia akizungumza na Musyoka kwa simu yangu, kwa Kikamba, nami nikishona upande wa pili wa gari nikijifanya sisikii. Sikuelewa kitu ila neno moja la Kiswahili lililorudi kila mara: karatasi, karatasi. Akimaliza alikuwa anakaa na mkono tumboni. Siku moja aliniuliza kama nadhani mtoto anayekua kwenye baridi namna ile atazaliwa na ngozi ya Kizungu. Nilimwambia atazaliwa akidai kiyoyozi.

Salum alikuja mwisho wa Julai kukagua betri. Nilimficha Kamene jikoni, lakini ndara nilizisahau, jozi mbili, moja ya miguu mikubwa kuliko yangu. Salum alizitazama kwa utulivu.

"Bibie, hii gari siku hizi imeanza kuvaa ndara?"

Nikazisogeza kwa mguu ukutani. Akainama, akaangalia taa ya chaja, akafunga boksi lake la spana. "Mimi nimekuja kutazama gari, na gari nimeiona," akasema. Kisha mlangoni, bila kunigeukia: "Mke wangu kutwa yupo nyumbani, hana mtu wa kuzungumza naye. Haja ikifika nipigie, n'takuja na pikapu. Wakati wowote." Nilimshukuru. Maneno hayo ya mwisho nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu hapo.

Katikati ya Agosti, siku ya Jumanne, niliamka nikaona taa ya chaja ni nyekundu. Salum alifika saa nne asubuhi, akafungua boneti, akaniita. Karibu na betri palikuwa na kiota cha pamba iliyochunwa kutoka kwenye shuka la gari, na ndani yake maganda ya karanga. Nyaya tatu zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikaonekana. Akafuata maganda mpaka ndani, akainua kapeti chini ya kiti cha dereva, akatoa mfuko wa karanga za kukaanga uliotobolewa. Kamene alikuwa na hamu ya karanga. Mimba ndiyo iliyomtuma. Nilimnunulia mwenyewe, nikamwambia azile uani, naye akawa anazila amekaa kwenye usukani wakati mimi nafua. Salum hakulaumu mtu. "Nipe siku tatu nitafute waya wa rangi ileile. Madam hatojua," akasema, akaondoka.

Saa tano Madam akapiga simu kutoka Uingereza. Sauti yake ilikuwa ya haraka. Kuna bwana angekuja leo, saa nane, kuliona gari. Nimfungulie kila kitu, boneti, milango, buti. Nikasema ndiyo Madam. Nikakata simu.

Yanayofuata nitayasema kama yalivyokuwa. Hasira hasara, tunawaambia watoto, na mimi niliyekuwa nikifundisha Shule ya Jumapili nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijui nilikuwa nimeihifadhi wapi. Kamene alikuwa amesimama pembeni ya gari, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Nimekuweka mahali ambapo hata mimi si pangu," nikamwambia, "na wewe umenifugia panya."

"Nisamehe, Eliza. Sikujua watafika."

"Saa nane kuna mtu anakuja. Akikukuta hapa, mimi na wewe wote tumekwisha."

"Sawa. Nitatoka. Lakini ngoja jua lipungue, niende saa kumi."

"Nimesema saa nane."

"Basi niweke kwa chumba yako."

"Hakuna AC."

"Ni masaa tu."

Alikuwa na haki. Chumba changu kilikuwa na mlango na kufuli, na hakuna mgeni wa gari ambaye angeomba kuona chumba cha mtumishi. Ningeweza kumlaza humo na shuka lililoloweshwa maji kwa saa chache zile. Ningeweza kumpigia Salum, angefika kwa nusu saa. Lakini Salum alikuwa ameniambia haja ikifika nimpigie, nami sikutaka aje aone kwamba namfukuza mtu aliyeniomba nimlinde. Hiyo ndiyo sababu. Niliona haya, na kwa ajili ya haya hiyo nikamtoa mwanamke mwenye mimba nje saa sita na nusu mchana, Agosti, Dubai. Nilimpa chupa ya maji na kipande cha karatasi chenye maelekezo ya gereji ya Satwa na basi la kupanda. "Toka, Kamene," nikasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia hata kwa mbwa.

Alichukua mfuko wake. Getini akageuka. Nilidhani atanilaani, na ningependa angenilaani. "Ijumaa usisahau kusukuma," akasema, akaondoka akipita kwenye ule ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, mpaka ukuta ukaisha.

Nilifagia maganda, nikakunja mablanketi, nikafunika nyaya kwa kitambaa nikiomba Mungu mgeni asiinue. Saa nane hakuja mtu. Saa tisa simu ikalia: yule bwana ana shughuli, atakuja wiki ijayo. Nikakaa sakafuni mle kwenye baridi, meno yakigongana. Saa kumi nikampigia Salum kuuliza kama amefika kwake mgeni. Akauliza mgeni gani. Nilipomweleza hakunigombeza. Alisema tu, "Lahaula," akakata simu, na baadaye nilijua kwamba alifunga gereji akazunguka vituo vya basi vyote kutoka Al Warqa mpaka Al Garhoud.

Mlinzi wa jengo lililokuwa likijengwa alimkuta Kamene ameanguka kituoni, akamburuta kivulini, akaita gari la wagonjwa. Kulikuwa na basi moja tu kwa saa njia ile, na la saa saba lilikuwa limempita akiwa bado anatembea. Mimba ilitoka jioni ileile. Alikuwa mtoto wa kiume. Kisha, kwa kuwa hakuwa na cheti, aliwekwa kizuizini. Haya nilielezwa na Salum siku ya pili, amesimama uani, hataki kukaa wala kunywa maji.

Karatasi ilifika siku tisa baadaye. Bahasha ya kaki, jina langu, mihuri miwili. Niliifungua kwa kuwa nilijiambia nahakikisha ndiyo yenyewe. Kulikuwa na barua ya chifu, kiapo cha wakili, majina ya wazee waliokuwepo, na mstari wa mwisho ulioandikwa kwa uangalifu wote wa ofisi: mbuzi watatu, majike wawili na dume mmoja. Nililia hapo, juu ya wale mbuzi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Salum akaipeleka ubalozini, na baada ya mwezi Kamene akapandishwa ndege. Salum alikwenda kumwona mara mbili kabla ya hapo. Mimi sikwenda. Nilisema naogopa kukamatwa, na ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilimuuliza Salum kama Kamene ametuma neno lolote. "Kauliza kama AC ya chumbani kwako imeshatengenezwa," akasema.

Kila Ijumaa nilisukuma. Kiganja mbele, kiganja nyuma, bila mtu kwenye usukani. Salum alirudisha nyaya, rangi kwa rangi, na Oktoba Madam aliporejea hakuona alama yoyote. Alilivua gari shuka, akaweka mkono juu ya boneti, akalia kidogo kwa namna yao ya kulia bila sauti. Baada ya wiki mbili akaliuza. Yule bwana alikuja na gari la kubebea magari, akalipandisha, dakika kumi tu. Jioni ile Madam alikuja jikoni kuniuliza mbona nimekonda, nikamwambia kiyoyozi changu kilikufa tangu Julai. Alishangaa kwa dhati. "Kwa nini hukuniambia? Ungelala chumba cha wageni." Nilikuwa naosha sufuria, nikaendelea kuosha.

Miaka sita baadaye, nikiwa nimerudi kwetu, simu ya Krismasi ilitoka Kenya. "Samahani, naomba kuongea na Eliza," ikasema sauti, ikiniiga, kisha ikacheka. Alikuwa amepata namba kwa watu wa kanisa. Alikuwa na Mwende, halafu akapata mvulana. Tangu hapo alipiga kila Krismasi, nami nilitoka uani kupokea, mbali na masikio ya mume wangu. Tukazungumza mvua, ada, magoti, na nyaya za panya hatukuzigusa kamwe. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitasema. Kila mwaka salio lilikuwa linaisha kabla sijafika hapo, na nililishukuru.

Kitui nilifika Ijumaa jioni, na Jumamosi tukamzika kwenye udongo mwekundu mkavu, chini ya mahema ya kukodi. Mwende, binti mrefu mwenye mwanya uleule, alisoma wasifu wa mama yake. Alisoma kuhusu mtoto wa kwanza aliyetangulia. Alisoma kwamba Kamene alifanya kazi ughaibuni, ambako alipata rafiki wa kufa na kuzikana, dada kutoka Tanzania, aliyemficha kwenye chumba cha baridi wakati wa shida. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja akanipigapiga begani. Nilitamani kaburi lile liwe na nafasi ya wawili.

Baada ya maziko waliniingiza ndani, nikaketishwa kwenye kochi la heshima, na Mwende akaja na sahani ya muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, akakaa nayo mapajani. Nikamwambia asinipe bado. Nikamweleza yote: karanga, saa nane, kituo cha basi, chumba changu kilichokuwa na kufuli, simu ambayo sikuipiga. Nilisema mdogo wako, nikajirekebisha, nikasema kaka yako. Nje wanawake walikuwa wakiosha masufuria na kuimba. Alinisikiliza mpaka mwisho akitazama sahani.

"Tunajua, Anti," akasema. "Mama alituambia kitambo. Mimi ndio niliandika hiyo ya kusoma, na yeye akaniambia nisiweke hiyo ingine."

Nikasogea ukingoni mwa kochi.

"Lakini alituachia swali. Alisema Eliza akikuja, kabla hajakula, mumuulize." Akainua uso. Yalikuwa macho ya mama yake, nami sikuweza kujua kama yananitania au yananihukumu, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. "Alisema tukuulize: hiyo gari, ilipona?"

"Ilipona," nikasema.

Mwende akanisogezea sahani. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaishikilia hivyo, mpaka chakula kikapoa.